Kitale hadi Lodwar: Barabara iteremkayo kutoka baridi hadi jangwani

ABIRIA aondokaye Kitale alfajiri huvaa sweta. Kabla ya jua kutua huwa amelivua, akitafuta kivuli mjini Lodwar. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni safari ya takribani kilomita 300.

Sababu kuu ni mwinuko. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Barabara kwanza hupanda hadi Makutano, jirani na Kapenguria, penye mita zipatazo 2,100, kisha huteremka kupitia Chepareria na Ortum hadi Marich. Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, iko mita 500 hivi tu.

Kwa wastani, joto huongezeka kwa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kuteremka. Hewa ya bondeni hubanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake, na hewa inayobanwa hupata joto. Kwa hesabu hiyo, mteremko wa Makutano hadi Lodwar pekee huongeza takribani nyuzi 10.

Sababu ya pili ni mvua. Sehemu kubwa ya unyevu hunyesha nyanda za juu, na kinachovuka kwenda bondeni ni kidogo. Kitale hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Lodwar hupata kama 200. Ardhi isiyo na majani wala wingu la kuifunika hupashwa na jua kutwa nzima, na mchana joto la Lodwar hupita nyuzi 35 mara kwa mara.

Mpaka wa dunia hizo mbili ni Marich, ambapo barabara hubanwa kati ya majabali ya Cherang'any na Mto Moruny. Nyuma hubaki mashamba ya mahindi. Mbele, baada ya Kainuk, ni migunga, mbuzi na ngamia.

Hata hivyo, jangwa hilo huitegemea milima. Mto Turkwel, upitao Lodwar, huanzia Mlima Elgon. Malori yaendayo kaskazini hubeba mahindi, maharagwe na mboga kutoka Trans Nzoia.

Utegemezi huo una hatari zake. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mito iliyokuwa mikavu bondeni hufurika ghafla, hata chini ya anga safi. Maporomoko ya ardhi ya Novemba 2019 katika Kaunti ya Pokot Magharibi yaliua makumi ya watu. Madaraja yalisombwa na uchukuzi kati ya Kitale na Lodwar ukakatika. Barabara hiyo ikifungwa, bei ya chakula Lodwar haichukui muda kupanda.

Aidha, eneo la Kainuk, mpakani mwa Pokot Magharibi na Turkana, limeshuhudia wizi wa mifugo na mashambulizi dhidi ya magari kwa miaka mingi. Ndiyo maana madereva wengi huchagua kulivuka mchana, ingawa ndipo jua huwa kali zaidi.

Kwa msafiri, basi, maji ya kunywa ya kutosha ni ya lazima. Na kabla ya kuondoka, asiulize hali ya hewa ya Lodwar pekee, bali aulize kwanza kama mvua imenyesha milimani.