Tangazo Limetumwa kwa Wanachama 800: Limefika kwa Wangapi?

Katibu wa SACCOS anaandika tangazo la mkutano mkuu wa mwaka, anabandika anwani 800 za wanachama na kubonyeza "Tuma". Muda si muda barua za Kiingereza zinaanza kumiminika: hii haikufika, ile imekataliwa, nyingine itajaribiwa baadaye. Wengi wakifika hapo huzifuta zote, kisha hutuma tangazo upya kwa watu walewale. Katika kuhudumia mifumo ya barua pepe sijaona hatua inayoharibu kuliko hiyo. Waliopata tangazo mara ya kwanza wanalipata tena, baadhi yao wanaudhika na kuliripoti kuwa ni barua taka, na seva ambazo hazikuwa na neno na mtumaji zinaanza kumtilia shaka.

Majibu mengi yamo kwenye barua zilizorudi. Seva yako inapopeleka barua, huitajia seva ya upande wa pili wapokeaji mmoja mmoja, na kwa kila mmoja hupewa jibu la tarakimu tatu. Utaratibu huo, unaoitwa SMTP, uliandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, na tarakimu ya kwanza ya jibu ingali na maana ileile. Jibu likianza na 2, barua imepokelewa. Likianza na 4, imeshindikana kwa sasa. Likianza na 5, imekataliwa.

Tofauti ya 4 na 5 ndiyo inayopuuzwa mno. Ukiona 421 au 452, seva yako haijakata tamaa. Mwongozo wa SMTP unaitaka iendelee kujaribu kwa siku nne hadi tano kabla ya kurudisha barua moja kwa moja. Huna la kufanya ila kusubiri. Ukiona 550, kusubiri hakusaidii, na hapo utazame namba ndogo inayofuata, iliyotenganishwa kwa nukta. 5.1.1 ina maana kwamba hakuna mtu mwenye anwani hiyo: mwanachama kaacha kazi na ofisi imefuta akaunti yake, au aliyeingiza orodha kakosea herufi katika jina lililo kabla ya alama ya @. 5.2.2 ni kisanduku kilichojaa. 5.7.1 na ndugu zake wa 5.7 ni habari nyingine kabisa: anwani ni sahihi, ila mtumaji hakuaminiwa.

Kwa katibu wetu mwenye anwani 800, kikwazo cha kwanza huenda kikawa idadi yenyewe. Akaunti ya bure ya Gmail inaruhusu wapokeaji 500 kwa siku, na kinachohesabiwa ni watu, si barua. Barua moja kwa watu 500 imemaliza mgawo wa siku. Akizidisha, anazuiwa kutuma kwa muda unaoweza kufika saa 24. Akaunti za kulipia za Google Workspace zinafika 2,000. Tatizo hili lina umri mrefu kuliko SMTP yenyewe. Mei 1978 Gary Thuerk, mfanyabiashara wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, alitaka kuwatangazia bidhaa karibu watu 400 wa mtandao wa ARPANET. Programu ikashindwa kubeba majina mengi kiasi hicho, yaliyobaki yakamwagikia ndani ya barua yenyewe, na wenye majina hayo hawakuipata. Kwa katibu wetu, dawa ni kuigawa orodha kwa siku mbili, au kutumia huduma iliyotengenezwa kwa ajili ya barua za wengi.

Kuna barua zisizorudi wala kusomwa. Seva imejibu 250, maana yake imepokea, kisha ikaitupa kwenye folda ya barua taka. Hili ndilo gumu zaidi, kwa sababu mtumaji haambiwi kitu. Mara nyingi chanzo chake ni utambulisho. SPF ni orodha, iliyowekwa kwenye kumbukumbu za jina la kikoa chako, inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina hilo. DKIM ni sahihi ya kidijitali inayoambatana na kila barua. DMARC inaziambia seva nyingine zifanye nini na barua iliyoshindwa ukaguzi. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanadai zote tatu kwa anayewatumia watumiaji wao barua nyingi. Kwa Google kizingiti ni barua 5,000 kwa siku. Hata mwenye 800 anatakiwa awe na SPF au DKIM, nami namshauri aziweke zote tatu.

Kujipima ni rahisi. Jitumie tangazo kwenye Gmail yako binafsi, lifungue kwenye kompyuta, bonyeza nukta tatu pembeni na uchague kuonyesha barua asilia. Juu kabisa utaona SPF, DKIM na DMARC, kila moja na neno PASS au FAIL. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni la kikoa chenye mistari miwili ya SPF. Aliyewapa nafasi ya tovuti aliweka mmoja, kisha ofisi ilipohamia Google mtu akaongeza wa pili, unaosomeka "v=spf1 include:_spf.google.com ~all". Kanuni inataka mstari mmoja tu. Seva ikikuta miwili, ukaguzi unashindwa. Iunganishe iwe mmoja. Kosa jingine ni kutumia huduma ya barua za wengi huku jina la mtumaji likiwa anwani inayoishia na gmail.com. Huduma hiyo haina idhini ya kutuma kwa jina la Gmail, na seva zinalijua hilo.

Kama tangazo linakwenda na taarifa ya hesabu, usiiambatishe ikiwa nzito. Gmail ina kikomo cha MB 25, seva za ofisi nyingi zina kikomo cha chini zaidi, na faili huongezeka karibu theluthi moja linaposafirishwa kwa barua pepe. Weka kiungo.

Na anwani zote ziende kwenye Bcc. Ukiziweka wazi, kila mwanachama anaziona za wenzake, na sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, hazilichukulii hilo kuwa jambo dogo. Isitoshe, mmoja akijibu wote, wote 800 wanapigiwa kelele.

Baada ya hapo hubaki watu wachache wenye 5.1.1. Wafute kwenye orodha ya barua pepe, maana kuendelea kutuma kwa anwani zilizokufa kunachafua sifa ya mtumaji, lakini usiwafute kwenye daftari la wanachama. Hao wana hisa na wana kura kama wengine. Wapigie simu au watumie SMS leo, kabla siku ya mkutano haijafika.