Maoni na Kura Katika Kuandika Katiba

Kila muhula wanafunzi wangu wa Uraia huniuliza: "Ikiwa wananchi waliulizwa, mbona Katiba ni ile ile ya 1977?" Wazazi wa Karagwe na Kyerwa nao huuliza vivyo hivyo, kwa hiyo yafaa nijibu katika gazeti letu.

Kwanza hapana budi tutenge maoni na kura. Kura huhesabiwa, bali maoni hupimwa. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoteuliwa mwaka 1991, iliambiwa na watu wapatao 80 katika kila 100 ya kuwa chama kimoja kiendelee. Lakini wengi wao waliomba pia marekebisho makubwa. Tume ilipima hoja zao na za wale wachache, ikashauri vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilika. Wengine huona hiyo ni dharau kwa walio wengi. Mimi sioni hivyo.

Basi, chini ya sheria ya mwaka 2011, Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi mwaka 2012 kukusanya maoni. Mwaka huo ndipo Kyerwa ilipotengwa na Karagwe ikawa wilaya. Tuseme mkulima wa Nkwenda au Kayanga amesimama mkutanoni akataka bei ya kahawa ipande. Angesikilizwa kwa adabu, lakini bei haiandikwi katika Katiba. Kama angesema, "Ardhi ya kijiji isigawiwe mtu bila idhini ya mkutano wa kijiji," hapo angegusa madaraka, nayo madaraka ndiyo kiini cha Katiba.

Mwaka 2013 Rasimu ya kwanza ilijadiliwa katika mabaraza ya wilaya. Huku Bara kila kijiji kilichagua watu 4: mzee, mwanamke, kijana na mtu mzima mwingine yeyote. Kisha kamati ya maendeleo ya kata ikachuja majina ya vijiji vyote, ikabakiza 4 tu kwa kata nzima. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo palipolegea. Mkutano wa kijiji ni wa watu wote, bali kamati ile ni ya diwani na wenyeviti wa vijiji, ambao wengi wao ni watu wa vyama.

Mwaka 2014 Bunge Maalum lilikutana Dodoma. Rasimu ya Tume ilitaka serikali tatu. Bunge likarudisha mbili. Katiba Inayopendekezwa ilikuwa ipigiwe kura ya maoni tarehe 30 Aprili 2015, lakini uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekwisha, kura ikaahirishwa. Hadi ninapoandika haijapigwa, na ndiyo maana ile ya 1977 ingali ikitumika.

Jina hilo "kura ya maoni" huwachanganya watu. Ni kura kamili: sheria ilitaka zaidi ya nusu ya kura za Bara, na zaidi ya nusu ya kura za Zanzibar.

Ninyi wanafunzi, wengi wenu mwaka 2013 mlikuwa wachanga. Vijijini kwenu wamo waliochaguliwa wakati ule. Likizo hii waulizeni walisema nini, na kwa hoja gani.