Soko kwa Jicho la Mwanaanthropolojia

Anthropolojia ya biashara huchunguza soko kama zinavyochunguzwa ndoa, ukoo na matambiko. Mtafiti hukaa na watu kwa muda mrefu, akawatazama wakinunua na kukopeshana, kisha akalinganisha wanayoyasema na wanayoyatenda. Dodoso hueleza ni wangapi walionunua sabuni fulani. Nani ndani ya nyumba aliamua inunuliwe, hilo ni nadra kulieleza.

Mbinu hizi zilikomaa vijijini kabla ya kufika viwandani. Mwaka 1922 Bronisław Malinowski alichapisha utafiti wake wa visiwa vya Trobriand, ambako mikufu na bangili za kombe zilizungushwa kisiwa hadi kisiwa kwa ajili ya heshima, huku biashara ya kawaida ikifanyika pembeni. Miaka kumi baadaye W. Lloyd Warner, aliyekuwa ameishi na wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Australia, alikuwa mshauri wa watafiti katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago. Mafundi 14 walitazamwa wakiunga nyaya za mitambo ya simu. Malipo yalipanda kadiri kazi ilivyoongezeka, lakini walikuwa wamewekeana kiwango chao cha siku, na aliyekivuka alisemwa.

Kwa Afrika Mashariki, mfano wenye mafunzo mengi ni M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu. Majaribio yake ya mwaka 2005 nchini Kenya yalilenga wateja wa mikopo midogo walipe marejesho kwa simu. Wateja wakaipeleka kwingine: wakatumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilitangazwa kwa wito wa kutuma pesa nyumbani.

Watafiti walifuata pesa hizo hadi majumbani. Olga Morawczynski, aliyefanya kazi Kibera, Nairobi, na Bukura, magharibi mwa Kenya, alikuta wanawake wakiweka akiba ya siri kwenye simu, mbali na macho ya waume. Sibel Kusimba naye alichora mitandao ya kutumiana pesa ya familia za Bungoma na kuona akina mama na ndugu wa upande wao wakiwa katikati. Fedha zilisafiri kama mchango wa matanga, karo au sherehe ya tohara, na asiyetuma alijua atadaiwa maelezo. Kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu, yote hayo ni miamala tu.

Udhaifu wa njia hii haujifichi. Familia chache haziwezi kusemea taifa, na kampuni nyingi hutaka majibu ndani ya wiki chache, muda ambao hautoshi hata mwenyeji kumzoea mgeni. Zito zaidi ni suala la uaminifu: akiba ya siri ya mke ikiandikwa kizembe, inaweza kumfikia mume. Kwa hiyo mtafiti, hata anayelipwa na kampuni, huwajibika kwanza kwa waliomfungulia mlango.