Jina ni lile lile, kiwanda kimehama

Fundi wa Ras Kitau akihitaji tupa ya kunolea msumeno, huvuka kwa mashua hadi Amu, akanunua, akavuka tena kurudi. Tupa hiyo ikiisha meno baada ya siku tatu, kuirudisha dukani ni nauli nyingine na nusu ya siku ya kazi. Ndiyo maana mafundi wengi hununua kwa jina: lile alilolitumia baba, basi.

Lakini jina halisemi tena kifaa kimetengenezwa wapi. Chukua tupa za Nicholson. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1864 mjini Providence, Marekani, na sifa zake zikaenea duniani. Mwaka 1972 ilinunuliwa na kampuni kubwa zaidi, na baadaye utengenezaji ukahamishiwa Meksiko na Brazili. Jina likabaki pale pale kwenye chuma. Hata mafundi wa Marekani wamelalamika kwamba tupa mpya hazidumu kama zile za zamani.

Huo si ughushi. Mwenye jina ana ruhusa ya kutengeneza bidhaa yake nchi yoyote. Ughushi ni mtu mwingine kubandika jina lisilo lake, na malalamiko ya aina hiyo hupelekwa kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi. Kifaa kikiwa halali lakini hafifu, mlango ni mwingine: Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), au ofisi ya biashara ya kaunti, kwa kuwa Katiba imezipa kaunti jukumu la kusimamia biashara ya haki. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kupewa habari kuzihusu. Kwa hivyo kumuuliza mwenye duka "hii imetoka nchi gani?" si utovu wa adabu.

Wala usikatae kifaa kwa sababu tu kimetoka China au India. Kikague. Igeuze tupa kwenye mwanga: ncha za meno ziking'aa, meno ni butu. Angalia kutu pia, maana tupa iliyokaa wazi kwenye upepo wetu wa chumvi huharibika kabla haijatumika, hata ingekuwa ya Providence yenyewe. Kwa patasi au tezo, omba ruhusa usugue kidogo pembeni mwa makali kwa tupa nzuri. Tupa ikila kama inakula msumari, chuma hicho ni laini na kila saa utakuwa unanoa.

Kisha, kabla ya kupanda mashua, chukua risiti iliyoandikwa jina la kifaa na nchi kilikotengenezwa. Bila hiyo, malalamiko yatakuwa neno lako dhidi ya neno la mwenye duka.