Pakiti haidanganyi: funzo la mitandao kutoka Kitale na Bungoma

Sisi Wapwani tunajivunia kuwa mlango wa intaneti ya Afrika Mashariki. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na tangu hapo sehemu kubwa ya mawasiliano ya Kenya na ulimwengu hupita chini ya maji yetu. Lakini muulize kijana aliyesomea kompyuta, awe wa Likoni au wa Kitale, ni kitu gani hasa kinachopita ndani ya nyaya hizo. Wengi watakutajia majina tu: TCP, IP, DNS. Ukimwambia akuonyeshe, ananyamaza.

Nasema haya kwa kuwa kazi imenipeleka bara. Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipanda matatu kati ya Kitale na Bungoma, kupitia Kiminini na Webuye, nikifundisha mitandao ya kompyuta kwa vikundi vidogo vya vijana. Huko nimejionea jambo linalotuhusu hata sisi huku: itifaki hazishikiki kwa kukariri, hushikika kwa kuzitazama zikifanya kazi.

Itifaki ni makubaliano ya namna mashine mbili zinavyozungumza: nani aanze, aseme nini, ajibiwe vipi, na wafanye nini neno likipotea njiani. Sisi tunazo zetu. Huingii nyumba ya mtu bila kupiga hodi, na mwenyeji akisema karibu, nawe unaitika ndipo unavua viatu. TCP hufanya vivyo hivyo. Kompyuta yako hutuma pakiti ya kwanza, hodi. Seva hujibu kwa pakiti ya pili, karibu, nimekusikia. Yako hurudisha ya tatu, nami nimekusikia, naingia. Baada ya hizo tatu ndipo mazungumzo yenyewe huanza. Utaratibu huo uliandikwa wazi katika waraka RFC 793 wa mwaka 1981, na bado unafanya kazi hadi leo.

Pakiti nayo ni kipande kidogo cha ujumbe. Picha unayotuma haisafiri nzima. Hukatwa vipande, kwa kawaida visivyozidi baiti 1,500 kila kimoja, na kila kipande hubeba juu yake anwani ya kinakotoka na ya kinakokwenda, kama bahasha.

Ili kuziona bahasha hizo, tunatumia programu iitwayo Wireshark. Gerald Combs aliitoa mwaka 1998 ikiitwa Ethereal, na jina likabadilika mwaka 2006. Ni ya bure, na laptopu kuukuu inaimudu. Unaiwasha, unachagua waya au waifai yako, kisha kila pakiti inayoingia au kutoka inaandikwa mstari wake pamoja na saa yake.

Vijana wa Kitale niliokutana nao walikuwa wakizitaja tabaka saba za mtandao kama wanaosoma shairi. Niliwaambia tuweke daftari kando. Zoezi la kwanza lilikuwa kuunganisha kompyuta mbili kwenye ruta na kutazama. Mara ukatokea mstari wa ARP ambao, kwa Kiswahili, ungesema hivi: "Nani mwenye 192.168.1.1? Mwambieni 192.168.1.7." Darasa likacheka. Kompyuta inauliza kwa sauti kama mtu aliyeingia sokoni kumtafuta jamaa yake! Sikuhitaji kueleza ARP tena baada ya hapo.

Zoezi la pili lilikuwa kuifuata njia. Kila pakiti hubeba namba inayopunguzwa moja kila inapovuka ruta. Ikifika sifuri, pakiti hutupwa na ruta hiyo humjulisha aliyeituma. Kwa kutuma pakiti za namba moja, mbili, tatu na kuendelea, unapata orodha ya vituo vya njiani pamoja na muda wa kila kimoja. Tulipoelekeza kwenye seva ya Ulaya, vituo vya mwanzo vilijibu kwa milisekunde chache, kisha ghafla zikaruka kupita mia moja. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, hapa pameharibika?" Nikamwambia la, hapo pakiti imeingia baharini. Nuru ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo waya wa kilomita 10,000 huchukua milisekunde 100 kwenda na kurudi, hata pasipo msongamano wowote. Kurasa zilizohifadhiwa Nairobi hazina mruko huo. Watoa huduma wanaweza kubadilishana pakiti hapa hapa nchini katika kituo cha KIXP, kinachofanya kazi tangu mwaka 2002.

Elimu hii huokoa pesa za watu. Bungoma kulikuwa na saiba moja ambayo intaneti yake ilisemwa ni nzito, na ilikuwa msimu wa wanafunzi kuomba nafasi za vyuo, foleni imefika mlangoni. Mwenyewe alikuwa ameshashauriwa alipie kifurushi kikubwa zaidi kila mwezi. Vijana wawili wa kikundi changu wakamwomba ruhusa, wakawasha Wireshark kwa dakika kumi.

Walichokiona ni hiki. Kabla ya kufungua ukurasa wowote, kompyuta huiuliza seva ya DNS: jina hili anwani yake ni ipi? Swali lilitoka, jibu halikurudi. Likatoka tena, kimya. Kisha likapelekwa kwa seva ya pili, na jibu likaja papo hapo. Baada ya hapo ukurasa ulishuka mbio. Kumbe kasi haikuwa na neno. Ndani ya ruta kulikuwa na anwani ya zamani ya seva isiyojibu tena, na kila ukurasa ulianza kwa kuigongea mlango mtu aliyekwisha hama. Wakabadilisha anwani hiyo, foleni ikasonga, na kifurushi kikubwa hakikununuliwa.

Kusikia si kuona. Wangeendelea kubahatisha, lawama ingeenda kwa mtoa huduma, au kwa mvua, au kwa mtambo wa serikali, na gharama ingebaki kwa mwenye saiba na wateja wake.

Kuna zoezi la tatu, nalo ni la tahadhari. Tunatengeneza ukurasa wetu wenyewe usio na kufuli la HTTPS, tunaandika nywila ya kubuni, kisha tunaitafuta ndani ya pakiti. Inaonekana herufi kwa herufi. Tukiweka HTTPS, yanabaki maandishi yasiyosomeka. Kijana akishaona hivyo mara moja, hataandika tena nywila yake kwenye ukurasa usio salama, na atawaonya na wazazi wake.

Kwa sababu hiyo hiyo ninawawekea sharti kabla ya somo la kwanza: mtandao wako, au wa mtu aliyekupa ruhusa, basi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao inaharamisha kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini. Kuchungulia pakiti za wageni kwenye waifai ya hoteli si kujifunza, ni kosa.

Wakufunzi wenzangu wa Mombasa, Kilifi na Kwale, sioni kinachotuzuia. Maabara ya mamilioni haihitajiki: kompyuta mbili, ruta moja, programu ya bure na saa mbili kwa wiki zinatosha. Mwanafunzi anasa pakiti kumi, aeleze kila moja inatoka wapi, inakwenda wapi na inasema nini. Akiweza hilo, karatasi ya mtihani haitamsumbua, na akiajiriwa ataliona tatizo kabla ya kumtoza mteja.

Nyaya zinaingia kwetu. Itakuwa aibu vijana wa Kitale na Bungoma wakijua yaliyomo ndani yake kuliko watoto waliozaliwa zinapotua.