Miaka 6 ya Mbio, Miaka 47 ya Maisha

Mzazi wa Malampaka ambaye mwanawe amechaguliwa kukimbia katika UMITASHUMTA huingiwa na swali zito: amruhusu, au amzuie asije akapoteza masomo? Ndugu msomaji, maisha ya Seraphino Antao, mwana wa Mombasa mwenye asili ya Goa, yanatusaidia kulijibu.

Antao alizaliwa mwaka 1937. Mwaka 1958 alikimbia katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Cardiff, akarejea mikono mitupu. Mwaka 1960 alishiriki Olimpiki ya Roma. Huko nako hakupata medali. Hakukata tamaa, bali aliendelea kujinoa. Mwaka 1962, mjini Perth, Australia, akashinda yadi 100 na yadi 220, yaani takriban mita 91 na mita 201. Hizo zilikuwa dhahabu za kwanza za Kenya katika michezo hiyo, nchi ikiwa bado haijapata uhuru.

Mwaka 1964 alibeba bendera ya Kenya huru katika Olimpiki ya Tokyo. Baada ya hapo alistaafu, akaishi London, na huko akafariki mwaka 2011.

Sasa tuhesabu. Tangu Cardiff hadi Tokyo ni miaka 6. Tangu Tokyo hadi kifo chake ni miaka 47. Mbio fupi hutegemea nguvu ya ghafla ya misuli, nayo hupungua mapema. Hali ni hiyo hiyo kwa anayeshindana kuruka chini, kwani umbali wake huzaliwa na kasi anayokuja nayo kabla ya kuruka.

Basi mzazi asimzuie mtoto mwenye kipaji, wala asimkaripie anaposhindwa mara ya kwanza. Antao alisubiri miaka 4 tangu Cardiff hadi Perth. Msimu wa pamba usimmalizie jioni zote za mazoezi. Lakini pia mzazi asikubali daftari liwekwe kando kwa ajili ya mbio. Akae na mwalimu wa michezo, wapange saa za uwanjani na saa za kusoma, na mtoto asikie mpango huo kwa wote wawili. Kasi ni amana ya miaka michache. Elimu au ufundi ndio utakaomlisha katika ile mingi inayofuata.