Upele, Vipele na Madoa: Lugha ya Lebo na Matumizi ya Dawa za Chunusi Nyundo na Mpakani Gisenyi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna watumiaji wa Kiswahili wanavyochagua na kutumia dawa za kupaka kwenye chunusi katika eneo la Nyundo, wilayani Rubavu, magharibi mwa Rwanda, ambako bidhaa zenye lebo za Kiingereza na za Kifaransa hukutana. Hoja ya makala ni kwamba baadhi ya makosa mazito ya matumizi huanzia kwenye neno kabla ya kufika kwenye ngozi. Yanajadiliwa maneno upele na vipele, neno doa, na fungu la maneno "eneo lililoathirika". Mwishoni yanatolewa mapendekezo kuhusu lebo ya Kiswahili kwa wanaoandaa sera za dawa na vipodozi katika Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Nyundo ni kilima kilicho kilomita chache kutoka mji wa Gisenyi, katika barabara iendayo Musanze. Hapo pana makao ya Jimbo Katoliki la Nyundo, seminari na shule ya sanaa, na kwa sababu hiyo pana vijana wengi walio katika umri wa chunusi. Vitu vya dukani huwafikia kupitia Gisenyi, na Gisenyi nayo hupokea bidhaa kutoka pande mbili: Kigali, ambako lebo nyingi ni za Kiingereza, na Goma, ng'ambo ya kizuizi cha mpakani kiitwacho Petite Barrière, ambako Kifaransa ndicho kitawalacho. Kinyarwanda ni lugha ya nyumbani. Kiswahili ni lugha ya soko, ya mpaka na ya shughuli baina ya watu wa miji hii miwili. Hata hivyo, katika bidhaa nilizozishika, Kiswahili hakikuwamo kabisa.

Swali la makala haya lilizaliwa mezani, si maktabani. Binti wa mwenyeji wangu huko Nyundo, mwanafunzi wa sekondari, aliniletea tyubu moja na chupa moja akaniuliza: "Mwalimu, ipi ni ya vipele vya uso?" Tyubu iliandikwa peroxyde de benzoyle, 2,5 kwa mia. Chupa, iliyokuwa imenunuliwa kwa ajili ya mdogo wake aliyekuwa na upele wa kuwasha, iliandikwa benzoate de benzyle, 25 kwa mia. Nyumbani vyote viwili viliitwa dawa ya vipele. Kwa siku mbili alikuwa amejipaka ile ya chupa usoni. Ilimchoma, naye akaamini kwamba kuchoma ndiko kufanya kazi.

2. Mzizi mmoja, maradhi mawili

Kosa la binti yule halikutokana na uzembe. Lugha zake zote zilimwelekeza huko. Kiswahili hutumia mzizi -pele kwa upele, ugonjwa wa kuwasha unaoletwa na vijidudu vinavyochimba ngozi na kuambukiza nyumba nzima. Na kwa kubadili ngeli tu, kipele na vipele, hutaja kijivimbe chochote kidogo cha ngozi, chunusi zikiwamo. Kinyarwanda hufanya vivyo hivyo: ubuheri ni ule ugonjwa wa kuwasha, ilhali ibiheri ni vijivimbe, na ibiheri byo mu maso ni chunusi za uso. Mwanaisimu ataona mara moja kwamba -pele na -heri ni ndugu. P ya Kiswahili hulingana na h ya Kinyarwanda, kama katika kupa na guha, kulipa na kuriha. Na l hulingana na r, kama katika kulala na kurara. Mzungumzaji anayevuka kutoka lugha moja kwenda nyingine haoni haja ya kusita, kwa maana utata anaouacha ndio anaoukuta.

Kisha yanakuja majina ya dawa. Benzoili peroksaidi ni dawa ya chunusi: huachilia oksijeni ndani ya kinyweleo na kuua bakteria wanaochochea uvimbe, nao bakteria hao hawajajenga usugu dhidi yake kama walivyojenga dhidi ya antibiotiki za kupaka. Benzili benzoeti ni dawa ya upele: hupakwa mwilini kuanzia shingoni kwenda chini, na kwa mtu mzima uso huachwa. Zote mbili zimo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo hatuzungumzii bidhaa za kichochoroni. Tofauti ya majina ni silabi chache. Tofauti ya viwango ni nukta moja: 2.5 kwa Kiingereza, 2,5 kwa Kifaransa, na 25. Nukta hiyo ikifutika kwa jasho la kiganja, kinachobaki cha kumwongoza mnunuzi ni imani kwamba namba kubwa ina nguvu zaidi. Imani hiyo nayo haina msingi kwa chunusi. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 imeonekana kupunguza chunusi zenye uvimbe karibu sawa na ya asilimia 10, huku ikikausha na kuchubua ngozi kidogo zaidi.

Hapa napenda kutofautiana na desturi yetu wenyewe ya uundaji wa istilahi. Katika makala haya nimetohoa majina ya kemikali ili yasomeke kwa urahisi, lakini kwenye lebo utohozi huo ungeongeza hatari. Benzoili na benzili hukaribiana zaidi kuliko maumbo yao ya asili, tena mnunuzi hawezi kuyalinganisha na maandishi ya kwenye boksi. Jina la kimataifa la dawa libaki katika tahajia yake, na Kiswahili kifanye kazi ambayo jina hilo haliwezi kuifanya, yaani kueleza dawa ni ya ugonjwa gani na si ya upi.

Neno chunusi lenyewe linafaa kwa kazi hiyo. Kamusi za Kiswahili huliorodhesha pia kama jina la kiumbe wa majini anayezamisha watu, lakini sijamwona mtu dukani akichanganya hayo mawili. Udhaifu wake ni kwamba kwa msemaji wa Kiswahili wa Gisenyi au Goma linaweza kuonekana la pwani na la kitabuni, ndiyo maana napendekeza liandikwe "chunusi za uso" na lifuatwe na kauli ya kukanusha: si dawa ya upele wa kuwasha.

3. Doa

Utata wa pili ni wa hatari zaidi, kwa kuwa umefungamana na biashara ya kung'arisha ngozi. Katika Kiingereza cha Uingereza neno "spot" ni chunusi, lakini pia ni doa. Krimu ya "spot" inaweza kuwa ya kukausha chunusi au ya kufuta weusi unaobaki chunusi ikishapona. Kifaransa hutenganisha: bouton ni chunusi, tache ni doa, na maneno "anti-taches" kwenye boksi hayahusiani na chunusi hata kidogo. Lakini anayesoma lebo hizo kwa kupitia Kiswahili huzikuta zote zimeanguka kwenye kapu moja liitwalo dawa ya madoa.

Kwenye ngozi nyeusi uvimbe wowote, hata mdogo, unaweza kuacha alama nyeusi inayodumu miezi kadhaa baada ya chunusi kuondoka. Alama hiyo si kovu, na hufifia yenyewe pole pole ikiwa ngozi haitachokozwa tena na ikilindwa dhidi ya jua. Kijana hasubiri. Anaomba dawa ya madoa, na anachopewa kinaweza kuwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuigeuza ngozi kuwa ya kijivu-samawati, weusi ambao ni mgumu mno kuondolewa. Zebaki hupenya mwilini na kudhuru figo. Kwenye lebo hujificha katika majina kama calomel au mercurio. Steroidi ndiyo mdanganyifu mkubwa kuliko zote, kwa sababu hupunguza wekundu na uvimbe ndani ya siku chache. Mtumiaji huisifu kwa wenzake. Baada ya wiki kadhaa huja chunusi za steroidi zenyewe, ngozi nyembamba, na uso unaowaka kila anapojaribu kuacha, hivyo anarudi kwenye tyubu ileile.

Rwanda imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo, na mwishoni mwa 2018 serikali ilizidisha msako madukani. Tanzania na Kenya nazo zina marufuku za namna hiyo. Msako huondoa bidhaa kwenye rafu, lakini hauondoi neno lililompeleka mnunuzi dukani. Maadamu chunusi, alama nyeusi na rangi ya asili ya ngozi vinaweza kuitwa kwa neno moja, mteja anayetafuta tiba ataendelea kufika kwenye meza ya mng'arishaji bila kukusudia.

4. "Eneo lililoathirika"

Hata aliyepata dawa sahihi hukutana na sentensi ambayo watafsiri wetu wameizoea kupita kiasi: paka kwenye eneo lililoathirika. Eneo lipi? Kijana wa Nyundo hulielewa kuwa ni kile kichwa cha chunusi kinachoonekana asubuhi kwenye kioo. Kwa mtu anayeota chunusi moja au mbili kwa mwezi, hilo linatosha: tone dogo la benzoili peroksaidi, au la asidi salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2 ambayo huyeyusha kizibo cha mafuta na ngozi iliyokufa. Lakini kwa yule ambaye paji la uso au mashavu yake hayapoi, chunusi anayoiona leo ilianza wiki kadhaa zilizopita kama kizibo kisichoonekana. Kufukuzana na kila kipele ni kuchelewa kila siku. Kwake yeye eneo lililoathirika ni paji zima au shavu zima, likiwamo lile linaloonekana safi. Adapalini, ambayo huzuia vizibo hivyo kujengeka, haina faida kubwa ikidondoshwa juu ya chunusi moja moja. Haipendekezwi kwa mjamzito, na sharti hilo halipaswi kufichwa katika maandishi madogo.

Lugha ya kiasi nayo ni tatizo. "Paka kiasi kidogo" haisemi lolote. Punje ya njegere inasema, kwa kuwa kila jikoni ina njegere. Kadhalika "tumia mara kwa mara" ni maelezo yanayowaumiza watu: aliyeanza dawa hufanya vema kupaka usiku mmoja na kuruka mmoja, mpaka ngozi izoee. Wala lebo haimwambii kwamba matokeo ya kweli huchukua wiki 6 hadi 12. Asiyeambiwa hivyo huacha wiki ya pili, na hapo ndipo steroidi ya siku tatu inapomshinda mfamasia mwadilifu.

Nitaje kwa kifupi jambo lililonichekesha kisha likanifikirisha. Vijana wengi hupaka dawa ya meno kwenye chunusi. Kiswahili ndicho kilichoiita dawa. Lugha iliyoiita kwa jina la sabuni au ungo wa kusafishia isingewapa vijana wazo hilo kwa wepesi huohuo.

5. Lebo ya Kiswahili: pendekezo

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Pande zote mbili za Petite Barrière sasa zimo ndani ya Jumuiya moja, na lugha wanayoshirikiana watu wake haimo kwenye boksi la dawa. Istilahi si kikwazo kikubwa kama inavyodaiwa. TUKI, leo TATAKI, ilikwisha kuchapisha Kamusi ya Tiba, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar inaweza kusimamia matini ya pamoja kwa kushirikiana na mamlaka za udhibiti wa dawa za nchi wanachama, ikiwamo Rwanda FDA. Kinachokosekana ni sentensi fupi zilizoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo badala ya kutafsiriwa kutoka kwenye karatasi ya kiwanda. Kwa benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 napendekeza hizi:

"Dawa ya chunusi za uso. Si dawa ya upele wa kuwasha. Haing'arishi ngozi wala haifuti madoa. Usiku, nawa uso, ukaushe, kisha paka kiasi cha punje ya njegere, kwa utando mwembamba, katika sehemu yote inayoota chunusi. Epuka macho, midomo na matundu ya pua. Wiki mbili za mwanzo paka usiku mmoja, ruka mmoja. Ngozi kukauka kidogo ni kawaida. Ikivimba au ikichoma sana, acha dawa na umwone mfamasia. Subiri wiki 6 hadi 8 kabla ya kusema haijafaa. Dawa hii huchujua rangi ya nguo, taulo na mashuka."

Matini hayo yana maneno chini ya mia moja na yanaweza kukaa ubavuni mwa boksi la kawaida. Sentensi ya tatu ndiyo inayotarajiwa kupingwa na wauzaji, kwa kuwa inawanyima wateja wa rangi. Ndiyo hasa isiyopaswa kuondolewa. Kwa krimu zenye steroidi, ambazo zina matumizi halali kwa maradhi mengine ya ngozi, maneno matano yangetosha kuandikwa mbele ya boksi kwa herufi zinazolingana na jina la bidhaa: usipake kwenye chunusi za uso.

Nilimsomea binti wa Nyundo rasimu ya matini hayo. Alibadilisha neno moja. Mimi nilikuwa nimeandika "eneo linaloathiriwa na chunusi". Yeye ndiye aliyesema "sehemu yote inayoota chunusi".